Cheni Imekatika na Sababu Huijui: Namna ya Kuirudia Pikipiki Yako

Yangu ilikatika kati ya Usa River na Tengeru, mkoani Arusha, saa kumi na mbili na nusu jioni, nikirudi Ngaramtoni. Lami safi, hakuna mlima, sijabeba mtu wala mzigo, mwendo hamsini na kitu. Nilisikia mlio kama mtu kapiga bati kwa rungu, injini ikapayuka, na pikipiki ikabaki inaserereka tu kama baiskeli. Nyuma yangu fuso inapiga honi.

Cheni yenyewe ilikuwa na miezi minne. Chalii mmoja wa bodaboda aliiokota nyuma kidogo, fundi wa kando ya barabara akaiunga kwa loki nyingine, akafuta mikono kwenye suruali. "Cheni ni kitu cha kukatika tu, kaka. Panda ukapumzike." Nikamlipa, nikapanda. Wiki tatu zilizofuata niliendesha kwa masikio. Kokoto ikigonga madigadi, mkono unaachia mafuta wenyewe. Lori likinikaribia, natafuta pa kukimbilia.

Watu watakuambia ukaze moyo. Mimi nasema kaza spana kwanza. Ukishajua kilichovunjika, au angalau ukishaondoa vile ambavyo sivyo, hofu inapungua yenyewe. Haya ninayoeleza ni kwa pikipiki ndogo za kazi, cc 100 hadi 150, zenye cheni ya kawaida na tairi la nyuma linalokazwa kwa nati mbili za kuvutia.

Jambo moja kabla hatujaanza: cheni inakaguliwa injini ikiwa imezimwa na funguo iko mfukoni, tairi linazungushwa kwa mkono. Wapo mafundi wanaopaka oili pikipiki iko kwenye stendi na gia imeingia. Wahesabu vidole.

Anza na ncha mbili

Cheni iliyokatika usiitupe, na usiache ikaenda na wakusanya chuma chakavu. Ndiyo shahidi pekee uliye naye.

Pingili za cheni ni za aina mbili zinazopokezana. Za ndani zina bushi, kibomba kidogo kinachopitisha pini, na rola inayozunguka juu yake. Za nje ni pleti mbili zilizoshikwa na pini. Loki, ile pingili ya kuungia yenye klipu, nayo ni ya nje. Sasa tandika gazeti chini, nyoosha cheni, tazama ncha zake mbili.

Kama ncha zote ni pingili za ndani, nzima, rola zinazunguka, hakuna pleti iliyochanika wala pini iliyobaki, na ukiipitia cheni yote huoni loki mahali popote, basi chuma hakikukatika. Loki imechomoka. Hiyo ni habari njema kuliko inavyosikika, maana tatizo lipo kwenye kitu kimoja kidogo, si kwenye cheni nzima.

Kama ncha moja ina pleti iliyopasuka au kisiki cha pini, chuma kimeshindwa. Hapo safari ni ndefu kidogo.

Yangu ilikuwa ya kwanza. Niligundua wiki ya tatu, kwa sababu siku ile yule fundi aliweka loki mpya bila kuniuliza kama ya zamani nimeiona, nami sikujua kama ni swali la kuuliza.

Loki ikichomoka

Chanzo cha kwanza ni klipu iliyowekwa kinyume. Klipu ina upande uliofungwa na upande wenye mdomo. Upande uliofungwa ndio unaoelekea kule cheni inakokwenda. Loki ikiwa mstari wa juu wa cheni, huko ni mbele. Ikiwa mstari wa chini, ni nyuma, na hapo ndipo wengi wanachanganya. Nilimpelekea pikipiki fundi mzee wa Mbauda, nikamwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa, kisha akanishikisha klipu kiganjani. Ukiiangalia vizuri ina umbo la samaki. "Samaki anaogelea na kichwa mbele, mwanangu. Ukimwona anaogelea na mkia, huyo ameshakufa."

Chanzo cha pili ni klipu iliyotumika mara nyingi. Ikishafunguliwa kwa bisibisi mara mbili tatu inapanuka, na haibani tena. Klipu bei yake ni ya andazi. Kila ukifungua cheni weka mpya.

Cha tatu ndicho ninachoamini kiliniangusha mimi, na mafundi wachache wanakitaja. Tazama maandishi yaliyogongwa kwenye pleti za cheni yako. Nyingi za pikipiki hizi ni 428. Tarakimu ya 4 inasimama kwa sehemu nne za nane za inchi, yaani nusu inchi, milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. 28 inahusu upana wa ndani. Baadhi zina herufi H mwishoni: 428H. Hizo pleti zake ni nene zaidi. Ukichukua loki ya 428 ya kawaida ukaiunganisha kwenye 428H, pini zake zinakuwa fupi. Pleti ya juu inaingia kwa kulazimishwa, mfereji wa klipu unabaki nusu umezikwa, na klipu inakaa juu juu. Kwa macho imefungwa. Itatembea wiki, itatembea miezi, kisha siku moja kwenye lami safi, bila mlima wala mzigo, inaondoka.

Cheni yangu ni 428H. Loki mpya aliyoweka yule fundi wa kando ya barabara, nilipoitazama kwa tochi, ilikuwa na pleti nyembamba kuliko majirani zake. Tofauti unaiona hata kwa kupitisha ukucha. Yaani nilikuwa nimerudishiwa ugonjwa uleule. Ile ya kwanza sikuipata, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba nayo ilikuwa hivyo. Ila miezi minne nyuma cheni ilipunguzwa pingili ikaungwa kwa loki iliyotoka kwenye kopo la msumari na nati mchanganyiko, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale nakunywa soda.

Pleti au pini ikivunjika

Shika ncha iliyovunjika juani. Uso wa mpasuko una mambo ya kusema. Ukiuona sehemu ni nyeusi au ya kutu na sehemu inang'aa kama chuma kipya, ufa ulianza zamani, ukatembea taratibu, na siku ile kilichobaki kikashindwa. Huo ni uchovu wa chuma, na mara nyingi unaanzia kwenye tundu la pini. Ukiuona wote unang'aa na pleti imevutika, ni nguvu moja ya ghafla: jiwe lililoingia kwenye sproketi (gurudumu la meno linalobeba cheni), kamba ya mzigo, kanga au shuka ya abiria iliyonaswa.

Unga mwekundu kama wa tofali katikati ya pleti ni dalili nyingine. Watu wanapaka oili juu ya cheni ikang'aa, kumbe ndani ya pini ni pakavu na pini inasagana na bushi. Vumbi letu la Meru, lile la kijivu laini linaloingia mpaka kwenye sukari, linamaliza kazi, hasa kuanzia Juni hadi mvua za vuli. Na kuosha kwa mashine ya presha, ukiielekeza kwenye cheni kwa karibu, kunafukuza kilainishi chote; ukitoka kuosha bila kupaka, ni afadhali ungebaki na tope.

Safisha kwa mafuta ya taa na brashi, si petroli, maana cheni ikiwa ni ile yenye raba ndogo kati ya pleti, petroli inaziharibu. Kisha oili ya gia namba 90, kidogo kidogo, upande wa ndani wa mstari wa chini, cheni ikiwa bado ina joto la safari, futa inayobaki. Kila kilometa 500, na kila baada ya mvua. Oili chafu ya injini? Ni nyepesi, inarukia tairi, na imebeba vumbi la chuma. Ni bora kuliko kitu kikavu, na sifa zake zinaishia hapo.

Ilikuwa imekazwa mno bila wewe kujua

Hapa naomba uende polepole, kwa sababu ndipo cheni nyingi za Arusha zinapofia na mwenye pikipiki anaapa kwamba aliitunza.

Umbali kati ya sproketi ya mbele na ya nyuma haubaki palepale. Tairi linapanda na kushuka kwa uma wa nyuma, ile swingamu, na uma unajikunja kwenye bolti yake, si kwenye sproketi ya mbele. Kwa hiyo cheni inakaza zaidi pale vitu vitatu vinaponyooka kwenye mstari mmoja: kitovu cha sproketi ya mbele, bolti ya uma, na ekseli ya tairi. Pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, tairi linaning'inia, mstari umepinda na cheni inaonekana imelegea. Unaikaza mpaka unaridhika. Kisha unapakia abiria wawili na gunia la karoti kupanda Ilboru, shokapu zinalala, mstari unanyooka, na cheni inakuwa kama uzi wa gitaa. Kila tuta ni kofi. Pleti zinachoka, na beringi ya shafti ya sproketi ya mbele inachoka pamoja nazo.

Pikipiki nyingi za aina hii zinataka mchezo, yaani cheni kupanda na kushuka, wa milimita 20 hadi 30 katikati ya mstari wa chini; cha kuamini ni kitabu chake au stika iliyo kwenye uma. Ukimaliza kupima hivyo, fanya jaribio hili: mbebeshe pikipiki mzigo wako wa kweli. Kama kazi yako ni abiria wawili, wakalishe majirani wawili na wewe mwenyewe, mtu wa nne achuchumae asukume cheni kwa kidole. Lazima bado icheze. Isipocheza, umeikaza kwa ajili ya stendi, si kwa ajili ya barabara.

Pima pia sehemu nne au tano huku ukizungusha tairi. Ikikaza hapa na kulegea pale, cheni imevutika bila usawa au sproketi haiko duara. Ikaze kwa kufuata sehemu inayobana zaidi, na anza kutafuta hela ya seti mpya.

Hesabu mizunguko ya sauti

Baada ya cheni kukatika utasikia sauti ambazo zilikuwepo siku zote. Ili usiwe mwehu, zihesabu. Funga uzi mwekundu kwenye spoku karibu na vali, zungusha tairi kwa mkono gia ikiwa fri, sikiliza.

Chukua mfano wa sproketi yenye meno 14 mbele, 42 nyuma, na cheni ya pingili 116. Sauti inayokuja mara moja kila uzi unapopita inatoka kwenye tairi: sproketi ya nyuma iliyopinda, beringi, breki inayogusa. Inayokuja mara tatu kwa mzunguko mmoja wa tairi inatoka sproketi ya mbele, kwa sababu 42 gawanya kwa 14 ni 3. Inayokuja mara moja kila baada ya mizunguko karibu mitatu ya tairi, pungufu kidogo, ipo kwenye cheni yenyewe, maana 116 kwa 42 ni kama 2.8. Hapo tafuta pingili moja: iliyoganda haikunjuki, au rola imepotea, au ni loki inayogusa kava. Yangu ilikuwa inagusa kava. Nilikuwa nimeshailaani injini.

Ukiachia mafuta kisha ukavuta tena, kukawa na "twaa" na mtikiso, angalia mchezo wa cheni kwanza, halafu raba za habu, zile zilizo ndani ya kitovu cha tairi la nyuma. Shika sproketi ya nyuma uisukume mbele na nyuma tairi likiwa limeshikwa. Ikicheza sana bila tairi kusogea, raba zimekwisha. Ni za bei nafuu na ndizo zinazomeza kila kofi kabla halijafika kwenye cheni.

Meno yaliyolala upande mmoja kama ya papa: badilisha sproketi zote mbili na cheni kwa pamoja. Cheni mpya kwenye sproketi ya zamani inazeeka kwa kasi ya ile ya zamani. Najua hela. Fundi pia anajua, ndiyo maana anakuambia "weka cheni kwanza, sproketi mwezi ujao".

Cheni inayotoka mara kwa mara bila kukatika: imelegea, au tairi limekaa upande, au bushi za uma zimelika. Alama za kwenye uma usiziamini sana. Pima kwa futikamba kutoka katikati ya bolti ya uma hadi katikati ya ekseli, kulia na kushoto. Sproketi inayong'aa kwenye shavu moja tu la meno inasema jambo hilohilo.

Injini inaunguruma, pikipiki haitembei, na cheni ipo: fungua kava la sproketi ya mbele. Yaweza kuwa meno ya ndani yaliyokaa kwenye shafti yamelika. Isipokuwa hivyo, ni klachi.

Kilichoumia siku ile

Cheni ikikatika inajirusha. Mara nyingi inajirundika nyuma ya sproketi ya mbele na kupiga kesi ya injini. Toa kava, safisha tope na oili iliyoganda, tazama kwa tochi kama kuna ufa au sili ya shafti inavuja. Tandika gazeti chini ya injini usiku mmoja. Doa la asubuhi litakuambia. Kagua fimbo ya breki ya nyuma, na ule mkono unaozuia sahani ya breki isizunguke. Spoku, zigonge moja moja kwa bisibisi. Inayotoa sauti ya kufa ndiyo iliyolegea.

Dalili zilizo kwako

Niliona aibu kuziandika, ila ndizo zilizonisumbua zaidi. Kubadilisha gia mapema mno ili injini isivute. Kuendesha ukiinamisha shingo upande wa cheni. Kukataa kumpakia mkeo ukimwambia kuna vumbi.

Baadhi zinatokana na kutojua utafanya nini ikitokea tena. Basi lijue hilo sasa. Mara nyingi cheni ikikatika unapoteza mvuto tu. Achia mafuta, bana klachi, shikilia usukani umenyooka, piga indiketa, sogea kushoto taratibu kwa breki ya mbele kwa upole. Breki ya mguu isikanyagwe kwa hasira. Hatari kubwa ni cheni kujikunja ikafunga tairi, na ikifunga, mikono iliyotulia ndiyo inayokubakisha wima. Nililifanyia mazoezi kwenye barabara ya vumbi ya Ngaramtoni, mwendo wa ishirini: nabana klachi ghafla, naiacha iserereke, natoka kushoto. Mara kumi. Watoto walidhani najifunza.

Kurudi barabarani

Nilinunua seti kamili, cheni ya 428H na loki iliyokuja ndani ya boksi lilelile, sproketi mbili, raba za habu. Fundi wa Mbauda alifunga, mimi nikashika tochi. Kisha nikaomba rangi ya kucha nyumbani, nyekundu, nikapaka nukta kwenye klipu na mstari mmoja unaopita kutoka nati ya ekseli hadi kwenye uma. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Mke wangu bado anadai kichupa chake.

Siku ya kwanza kilometa tano, gia ya pili na ya tatu, peke yangu. Nikasimama, nikazima, nikasogeza kiganja karibu na cheni bila kuigusa. Inatakiwa iwe na joto la kawaida. Ikiunguza, imekazwa mno au ni kavu. Siku ya pili mjini, kutoka Sakina hadi Kijenge na kurudi, katikati ya daladala, pale ambapo unasimama na kuondoka kila dakika. Baada ya kilometa kama 100 ilikuwa imelegea kidogo, moyo ukashtuka. Lakini cheni mpya hujilaza mwanzoni, unaikaza mara moja inatulia. Ikiendelea kulegea kila siku mbili, hapo ndipo ushtuke.

Abiria alikuja wiki ya pili. Barabara kuu ikawa ya mwisho, asubuhi, si jioni, kwa mwendo wangu wa siku ile. Nilipita palepale, kabla ya Tengeru, Jumamosi ya soko, akina mama wakivuka na ndizi kichwani. Masikio yalikuwa bado yako chini kwenye cheni, ila mkono haukuachia mafuta.

Kilometa 500 nilipima. Unavuta cheni inyooke, unahesabu pini 21, ambazo ni pingili 20, unapima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi ya mwisho. Mpya ni milimita 254. Ikifika 259 imekwisha. Yangu ilisoma 254 na nusu, kama macho hayajanidanganya. Nimeiandika kwa kalamu ya wino chini ya kiti, pamoja na tarehe. Humohumo chini ya kiti kuna kimfuko chenye loki ya H, klipu mbili na koleo ndogo.